Mzee wa makao aanzie wapi mazoezi? Aanzie kitini

Swali limetoka kwa mhudumu wa makao ya wazee pembezoni mwa Kisumu. Makao hayo yana wakaazi 22, wengi wao wa miaka 75 kwenda juu. Wakishakunywa chai ya asubuhi huketishwa barazani hadi chakula cha mchana, kisha hurudi barazani hadi jioni. Mwaka huu wawili walianguka, na wasimamizi wakaamua kuwa asitembezwe mtu ila kwa lazima. Jumatano huja vijana wa kanisa. Wazee huimba na kupunga mikono kwa nusu saa. Mhudumu anauliza kama hayo yanatosha, na kama hayatoshi, afanye nini, mara ngapi, kwa vifaa gani, maana fedha hakuna. Na wale wasioweza kusimama je?

Dada, hayatoshi, ingawa usiyafute. Nyimbo zinawachangamsha wazee na mabega yanapata kulegea. Lakini mzee haangushwi na udhaifu wa mikono. Huanguka akiinuka kitini, akigeuka bafuni, au akienda msalani usiku. Kazi hizo ni za misuli ya mapaja, makalio na vifundo vya miguu, ile ile inayolala barazani kutwa. Kwa hiyo jibu langu kwa ufupi ni hili: wafundisheni kuinuka kitini na kuketi tena, mara tatu kwa wiki, kwa ugumu unaoongezwa kidogo kidogo. Mengine yafuate hapo.

Wasimamizi wenu nawaelewa. Nyonga ikivunjika, familia itataka maelezo na bili itakuwa kubwa. Lakini mzee aliyekalishwa mchana kutwa bado atainuka usiku kwenda haja, na atainuka kwa miguu dhaifu kuliko ya mwezi uliopita. Wakisema umri umepita, waambie yaliyofanyika Boston, Marekani. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake waliwapa mazoezi mazito ya mapaja wazee 10 wa miaka 86 hadi 96 waliokuwa wakiishi kwenye makao. Tisa walimaliza wiki 8, na nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Mwaka 1994 walirudia kwa wazee 100 wa wastani wa miaka 87, kwa wiki 10, na nguvu zikapanda zaidi ya maradufu. Waliopewa kinywaji cha lishe peke yake bila mazoezi hawakupata nguvu hizo. Siri ilikuwa uzito: walinyanyua mzigo uliowatoa jasho hasa, kisha wakaongezewa. Sitaki uwaahidi wasimamizi kwamba hakuna atakayeanguka tena. Mpango maarufu wa mazoezi wa Otago, wa New Zealand, ulipunguza kuanguka kwa takriban theluthi moja, lakini ulijaribiwa kwa wazee wanaoishi nyumbani kwao. Kwenye makao matokeo ya tafiti yametofautiana, kwa sababu huko dawa, taa, viatu na sakafu nazo zina mkono wake.

Nikitaja sakafu: kama barazani pana simiti nyekundu inayopigwa polishi, acheni polishi. Sakafu ifagiliwe na kupigwa deki mapema, ikauke kabisa kabla ya mazoezi. Patipati pia ziwekwe kando. Mzee avae raba au kiatu cha kufunga chenye soli nyembamba isiyoteleza, na kama hana, afadhali miguu mitupu kuliko soksi. Mwenye sukari ndiye asiyefanya miguu mitupu, kwa sababu anaweza kujikata asisikie.

Kabla ya siku ya kwanza, pitia faili la kila mmoja. Aliyepata mshtuko wa moyo au kiharusi majuzi, aliyevunjika mfupa, aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga, au anayeumwa na kifua akitembea, asianze hadi daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo amwone. Hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga ina idara ya tiba ya viungo. Wakusanye hao wachache, uombe wapimwe na kila mmoja aandikiwe lake. Waliobaki wapime presha wakiwa wametulia. Ikiwa ya juu imepita 180 au ya chini imepita 110, siku hiyo hakuna mazoezi na daktari aarifiwe. Kisha mpime kila mmoja akiwa amelala dakika 5, umsimamishe, umpime tena baada ya dakika 1 na baada ya 3. Presha ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, hapo umepata sababu kubwa ya kuanguka ambayo zoezi halitaiondoa. Mara nyingi ni dawa: za kukojoza maji, za tezi dume, au zile za usingizi na huzuni. Usimwachishe wewe, andika vipimo, umpelekee aliyeziandika.

Anayetumia insulini au vidonge vya glibenclamide asifanye mazoezi na njaa. Sukari ikiwa chini ya 5 (mmol/L) ale kwanza, ndizi mbivu moja yatosha kuanzia, kisha apimwe tena. Anayetumia dawa za presha na moyo kama atenolol au carvedilol mapigo yake hayapandi inavyotarajiwa, kwa hiyo usihesabu mapigo. Msikilize anavyoongea: akiweza kutamka sentensi nzima huku akihema kidogo, yuko pazuri.

Sasa kiti. Viti vyeupe vya plastiki mlivyo navyo ndivyo vibaya kuliko vyote kwa kazi hii. Mzee akisukuma mikono, miguu ya kiti inapanuka na kuteleza, na kile ambacho kimekaa juani miaka miwili hukatika bila onyo. Tafuta viti viwili vitatu vya mbao au chuma vyenye mikono, kiegemeo kikigusa ukuta. Urefu wa kawaida wa kukalia ni sentimita 43 hadi 46 kutoka sakafuni. Kwa mzee dhaifu huo ni mfupi mno mwanzoni. Mwongezee kipande cha godoro gumu cha sentimita 5 au 8 kilichofungwa kisiteleze. Fundi seremala yeyote anaweza pia kukusaidia kwa kugongea vipande vya mbao chini ya miguu yote minne, mradi vitoshane na visichezecheze.

Mzee asogee hadi ukingoni mwa kiti, makalio nusu yakiwa juu ya kiti na nusu nje. Miguu irudishwe nyuma hadi visigino viwe nyuma kidogo ya magoti, ikiachana kwa upana wa nyonga. Ainame mbele hadi pua ivuke vidole vya miguu, ndipo asukume sakafu na kuinuka huku akitoa pumzi. Akisimama, anyooke, ahesabu mbili, atazame mbele. Kisha ashuke polepole kwa hesabu ya nne, akirudisha makalio nyuma hadi aguse kiti. Hiyo ni mara moja.

Yanayoharibika hapo ni yale yale kila mahali. Kosa la kwanza ni miguu kukaa mbele: mzee anajaribu kuinuka, uzito wote uko nyuma, anarudi kitini kwa kishindo, na watu wanasema hana nguvu, kumbe amewekwa vibaya. La pili ni la wahudumu, na hili nalikemea kila ninapoliona: kumvuta mzee kwa mikono au kumnyanyua kwapani. Ukimvuta, yeye huegemea nyuma kukupinga, na bega la mzee, hasa la upande uliopooza, hung'oka kwa urahisi. Simama kando yake, nyuma kidogo, upande ulio dhaifu. Mfunge leso iliyokunjwa mara kadhaa kiunoni juu ya nguo, ikaze lakini vidole vyako vipite, na ushike hapo. Mkono wa pili uwe mbele ya bega bila kusukuma. Mwenye ngiri au mshono wa tumbo asifungwe. La tatu ni kujibwaga wakati wa kuketi. Wahudumu huona kuinuka ndiko zoezi na kushuka ni kupumzika, lakini kushuka polepole hujenga paja sawasawa na kuinuka, na kujibwaga kunaweza kupasua pingili za mgongo wa mama mwenye mifupa myepesi. Akishindwa kushuka kwa hesabu ya nne, kiti ni kifupi, kiinue. La nne ni kubana pumzi, kunakopandisha presha ghafla. Mwambie ahesabu kwa sauti, au aimbe.

Aanze na mara 5 hadi 8, apumzike dakika 2, arudie kama anaweza. Lengo ni mizunguko miwili ya mara 10. Muulize: ukipima uchovu kutoka sifuri hadi kumi, uko ngapi? Wiki mbili za kwanza tano au sita inatosha. Baadaye mpeleke hadi saba. Mzee anayemaliza akikuambia ni mbili au tatu, hajafanya zoezi, amepasha viungo tu. Akimaliza mizunguko miwili ya kumi bila tabu siku mbili za mazoezi zinazofuatana, mwongezee ugumu kwa jambo moja tu: punguza godoro, au apunguze kusukuma kwa mikono, kwanza mkono mmoja, kisha akunje yote kifuani, na mwisho akumbatie pakiti ya unga ya kilo 2. Kati ya siku za mazoezi iwepo siku ya kupumzika. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa zinafaa, na Jumatano vijana wa kanisa watakusaidia kuhesabu.

Magoti yatauma, na wengi watakuambia yamelika. Goti lililolika si sababu ya kuacha. Misuli ya paja ndiyo inayolipunguzia mzigo. Kanuni ninayoitumia: maumivu ya tatu hadi nne kati ya kumi wakati wa zoezi yanavumilika, mradi kesho asubuhi yamerudi yalikokuwa. Goti likivimba au likilala linauma, kiti kiinuliwe na idadi ipunguzwe nusu.

Mazoezi mengine nitayapitia haraka. Akisimama nyuma ya kiti kizito au ameshika reli ya baraza, anyanyue visigino, ashuke polepole, mara 10. Kisha anyanyue vidole vya mbele, mara 10. Atoe mguu kando bila kupinda kiuno, mara 8 kila upande. Misuli hiyo ya pembeni mwa nyonga ndiyo inayomzuia asiyumbe akiinua mguu kuvuka kizingiti. Akiwa ameketi, anyooshe goti hadi mguu uwe sawa na sakafu, ashikilie kwa hesabu ya tatu, ashushe. Kwa mgongo ulioinama, chukua tyubu kuukuu ya baiskeli, kata valvu, ipasue, ioshe unga wake, na mzee aishike mbele ya kifua akiivuta kwa pande mbili hadi mabega yakutane nyuma. Ikaguliwe kila wiki. Yenye ufa itupwe. Mwenye mifupa myepesi asifanyishwe kuinama kugusa vidole wala kujinyonga kiuno, hata kama redioni wanasema.

Uzito wa miguuni tengenezeni wenyewe. Kata kitambaa cha jinzi kuukuu chenye urefu wa sentimita 40 na upana wa 20, kikunje kiwe upana wa 10, kishonwe kigawanyike mifuko minne. Chekecha mchanga wa ujenzi, uanike ukauke kabisa, upime gramu 250 kwenye mizani ya dukani na uufunge katika karatasi ngumu ya nailoni kabla ya kuutia mfukoni, usivuje. Mikanda ya kufungia iwe ya kitambaa kipana, si kamba. Mifuko miwili ikijaa ni nusu kilo, na hapo ndipo pa kuanzia. Yote minne ni kilo moja. Uzito sahihi ni ule unaomchosha akifika mara ya nane au ya kumi. Ufungwe juu ya soksi, kwa sababu ngozi ya mzee huchanika kama karatasi, na ukifunguliwa tazama palipofungwa. Miguu iliyovimba, jambo la kawaida kwa wanaomeza dawa ya presha ya amlodipine, isikazwe. Hao wafanye bila uzito, na uvimbe wa ghafla wa mguu mmoja upelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Uthabiti wa kusimama haujengwi kwa mzee kushikiliwa muda wote. Ajaribu akiwa konani mwa kuta mbili, kiti kikiwa mbele yake: miguu pamoja sekunde 10, kisha mguu mmoja nusu mbele ya mwenzake, kisha kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Asiyeweza hatua hiyo ya tatu kwa sekunde 10 yuko hatarini kuanguka, na ndiye anayehitaji zoezi hilo zaidi. Mhudumu mmoja kwa mzee mmoja au wawili. Kwa walioketi, mmoja anamudu wanne au watano.

Kwa walio na usahaulifu mkubwa, maelezo hayasaidii. Simama mbele yao ufanye, watakuiga, neno moja kwa wakati: “Mbele. Inuka. Keti.” Saa ile ile, kiti kile kile, wimbo ule ule wa Kijaluo au wa Kiluhya waliouimba kanisani. Ukimwambia mama “fanya zoezi” atakataa, na ana haki. Ukimwambia “twende tuanike nguo” atasimama, na kamba ikiwa usawa wa bega atanyanyua mikono akiwa wima kwa dakika kumi. Kuchambua maharagwe kwenye meza ndefu akiwa amesimama, au kumwagilia sukuma wiki kwa kopo la lita moja, ni kazi za uthabiti zilizojificha. Hata kwa wengine wote, jaribu hivi: kila mzee akienda kula, aketi na kuinuka mara mbili zaidi kabla ya kukaa mezani. Milo mitatu ni mara sita kwa siku, bila ratiba ya ziada.

Sasa wasioweza kusimama. Kwanza, hakikisha ni kweli hawawezi. Wengi hawajajaribiwa kwenye kiti kirefu tangu walipoletwa. Wanaobaki, waketishwe ukingoni mwa kitanda, nyayo zikigusa sakafu, mhudumu akiwa mbele yao, dakika 5 mara tatu kwa siku. Kule kujishikilia wima tu ni kazi kubwa ya misuli ya kiuno. Kitandani, wakunje magoti na kunyanyua makalio mara 5 hadi 8, jambo litakalokurahisishia hata kubadilisha shuka na nepi. Kwenye kiti cha magurudumu, funga breki, ondoa miguu kwenye vikanyagio, wanyooshe goti kama nilivyoeleza. Kila nusu saa wasukume mikono ya kiti kunyanyua makalio, au uwasaidie kuegemea upande mmoja kisha mwingine, la sivyo vidonda vitakuja kabla ya nguvu. Mkono uliopooza usivutwe juu ya kichwa. Ukae juu ya mto na usogezwe polepole ndani ya mipaka isiyouma.

Wakati mzuri kwenu ni kama saa tatu na nusu hadi saa nne na nusu asubuhi. Chai imeshashuka, dawa za asubuhi zimeanza kazi, na jua la Kisumu halijawa kali. Mwenye ugonjwa wa Parkinson afanye kama saa moja baada ya kumeza levodopa, dawa ya ugonjwa huo. Nje ya hapo miguu itaganda. Usipange mara baada ya ugali wa mchana, kwani presha ya wazee wengi hushuka baada ya mlo mzito. Wenzako wa Nakuru, hasa Juni na Julai, wasubiri hadi baraza lipate joto, kwa sababu viungo vya asubuhi huko ni vigumu. Glasi moja ya maji kabla na moja baada, isipokuwa kwa aliyewekewa kipimo cha maji kwa ajili ya moyo au figo. Mwenye homa apumzike na apimwe malaria siku hiyo. Mzee anaweza asiwe na joto kali. Dalili pekee ikawa kuchanganyikiwa au kukataa ghafla zoezi alilolizoea. Akipona, arudie kwa nusu ya alichokuwa akifanya. Maumivu ya kifua, kizunguzungu kisichoisha akiketi, mdomo kwenda upande, au mkono kulegea ghafla: acha yote, apelekwe hospitali.

Chakula kisisahauliwe, maana misuli haijengwi kwa chai na mkate. Mzee anahitaji takriban gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 ni gramu 60 hadi 72. Yai moja lina 6, glasi ya maziwa kama 7. Omena mnayo karibu na ni bei nafuu. Isagwe ichanganywe kwenye uji kwa wasio na meno. Wenye ugonjwa wa figo waulizwe kwa daktari wao kwanza.

Nunua daftari moja. Siku ya kwanza hesabu mzee anainuka mara ngapi kwa sekunde 30 bila kutumia mikono, kwenye kiti cha sentimita 43. Anayetumia mikono andika sifuri, na pembeni idadi aliyofika kwa mikono. Kwa miaka 80 hadi 84, mwanamke chini ya 9 na mwanamume chini ya 10 wako nyuma ya wenzao wa rika. Pia pima sekunde anazotumia kuinuka, kutembea mita 3, kugeuka, kurudi na kuketi. 12 au zaidi ni ishara ya hatari. Rudia baada ya wiki 6 na 12. Wasiosogea hata kidogo baada ya wiki 12 usiwaite wavivu. Angalia kama ugumu uliongezwa kweli au walibaki na kiti kile kile, kama wanamaliza sahani, kama kuna maumivu wasiyoyasema, kisha omba wapimwe damu, kwani upungufu wake huwafanya wachoke kabla miguu haijafanya kazi yoyote.